Kurudi Kwenye Uwanja wa Changarawe

Mjukuu wangu Aline,

Huku Södertälje, Uswidi, theluji imeanza kuyeyuka, na goti la bibi yako limepona, amerudi kwenye kwaya. Umeniuliza kama urudi kazini Nairobi baada ya mradi wako kupewa mtu mwingine. Ngoja nikupe habari ya mama yako.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi na jirani yetu Lasse tulitengeneza magari makuukuu, mama yako akayaendesha kwenye mashindano ambayo Waswidi wanayaita folkrace. Kanuni yake ngumu ni hii: mbio zikiisha, yeyote anaweza kununua gari lako kwa bei iliyopangwa, na huruhusiwi kukataa. Kwenye uwanja wa changarawe tulioupenda kuliko vyote mama yako alishinda, na mpinzani wake akalinunua gari letu papo hapo.

Mwaka uliofuata tulirudi na gari tulilolitoa kwenye vyuma chakavu. Lile la zamani lilikuwa pale, limepakwa rangi mpya, yule mpinzani akiliendesha. Lasse akanuna. Mama yako akacheka.

“Baba, lile ukifunga breki linavuta kushoto. Yeye bado hajalijua.”

Kwenye kona ya mwisho jamaa alifunga breki, gari likavuta kushoto, na kulia kukabaki wazi. Mama yako akapita hapo hapo.

Mbio zilipoisha, yule bwana akaja tena kununua. Nikampa funguo bila kinyongo. Mama yako akamwambia, “Karibu tena mwakani. Mimi siuzwi.”

Nimemsomea mama yako barua hii sasa hivi. Amecheka vilevile.

Babu yako,
Zakaria