Mama, Kimekuja Kidude cha Kukagua Mahindi

Mama yangu Bosibori,

Huku Nyansiongo tuko salama. Mjukuu wako, yule uliyemwachia jina, ana miezi sita na meno mawili, na yote mawili anayatumia kwangu. Nilikuwa najiandaa kumwanzishia uji, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinunua mahindi soko la Nyaramba? Unang'ata punje, unafumba macho, unasikiliza. Gunia la kwanza, la pili, la tatu, mpaka muuzaji akakuuliza, "Mama, unanunua ama umekuja kula chakula cha mchana?" Nikajificha nyuma ya leso yako kwa aibu. Ukamwambia, "Nyamaza, naongea na mahindi." Siku niliyomleta mume wangu nyumbani umwone, nilidhani utamng'ata pia.

Sasa mama mkwe alituletea gunia la mahindi, zawadi ya uji wa mtoto. Alilisukuma mwenyewe kwa wilbaro kutoka nyumba yake hadi yetu, akikataa kusaidiwa, akisalimia kila mtu barabarani ili walione. Wiki hiyo hiyo akafika msichana wa chuo kikuu, anaitwa Kerubo, na kidude kidogo kama kiberiti kinachochomekwa kwa simu. Wanakijaribu kutafuta sumu ya kuvu kwenye mahindi, ile aflatoksini, inayoharibu maini na kumfanya mtoto asikue vizuri. Akaomba kila mama alete kikombe kimoja.

Unanijua. Mgeni hupewa kitu kizuri. Nilikaa asubuhi nzima nikichagua punje moja moja na kuzipangusa kwa kitambaa. Kerubo aliziangalia, akazigeuzageuza kiganjani.

"Dada, haya umeyaosha?"

"Kidogo tu."

"Na umeyachagua?"

"Sasa ningekuletea takataka?"

Kumbe sote tulifanya hivyo. Mama Moraa hata hakuleta yake, aliazima ya jirani. Mahindi tunayokula yenyewe yalikuwa yamebaki nyumbani. Ikabidi Kerubo azunguke mlango kwa mlango, akichota kutoka chini ya magunia.

Kwangu alimkuta mama mkwe ameketi. Alipoona mkono wa mgeni umezama guniani hadi kwapani, akaniuliza, "Huyu aliangusha pete humo?"

Nilianza kupangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Kerubo akatueleza kwa upole. Ndani ya kidude kuna aptama, vipande vidogo sana vya DNA vilivyotengenezwa maabara. Kila aina hujikunja kwa umbo lake na kushika kitu kimoja tu. Hizi zake hushika aflatoksini, vingine vyote vinapita bila kusalimiwa. Nilielewa kwa njia yangu: ni kama wewe baada ya harusi, sufuria za kijiji kizima zimerundikwa nyuma ya jikoni, na unaingiza mkono kutoa yako bila kutazama. Aptama zikiishika sumu, umeme mdogo unaopita hapo hubadilika, na simu inaonyesha.

Akasaga mahindi, akachanganya na dawa yake, akadondosha tone. Simu ikawa nyekundu.

"Kitu kama kiberiti ndicho kinanitukana?" mama mkwe akasema. Akaenda kwake, akarudi na vikombe viwili amevifunika. Kimoja cha mahindi yaliyobaki ya lile gunia, kingine cha mahindi ya msimu uliopita. "Kama kina akili, kiseme kipi ni kipi."

Kikasema. Akavipeleka nyuma ya nyumba, akavibadilisha mahali, akavirudisha. Kikasema tena. Hapo akaketi.

"Nililifunga kabla halijakauka," akasema polepole. "Niliogopa mvua. Nilitaka mtoto apate mapema."

Kwa vile kidude bado kinajaribiwa, Kerubo alipeleka mahindi hayo maabara pia, na jibu likawa lile lile. Tukafukia gunia zima. Hata kuku hatukuwapa, na wamenuna mpaka leo.

Mama, niliyakasirikia kidogo meno yako. Sumu hii haina ladha, haina sauti. Halafu nikawaza, ulitumia ulichokuwa nacho, na ulikiweka kinywa chako mbele ya vyetu. Hasira ikaisha, nikabaki nimekukosa tu.

Mama mkwe hakuja kwa siku nne. Ya tano alisimama mlangoni na kikombe cha uji wa wimbi, amevaa blauzi ya kanisa, hataki kuingia.

"Utampa, ama simu ionje kwanza?"

Kerubo alikuwa ameshaenda na simu yake. Nilimwangalia mama mkwe, nikaangalia uji, nikamweka mtoto mapajani mwake. "Mlishe wewe, mama."

Kijiko cha kwanza Bosibori alikitema chote kwenye blauzi. Cha pili akameza. Mama mkwe hakujipangusa mpaka kikombe kikaisha.

Mtoto anaamka sasa, wacha niende. Pumzika vizuri huko uliko, mama.

Ni mimi, kitindamimba wako