Kikombe Nilitenga

Winnipeg, Jumapili 19 Januari 2025

Mama,

Asalaam aleikum. Tulifika salama na wiki ya pili imekwisha. Mimi mzima, Aziz mzima, Shamsa ana mafua kidogo lakini anakula. Wewe je? Miguu bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani? Baridi ya huku sina maneno yake. Shamsa ameniuliza kama Mungu amezima jiko. Kila asubuhi anataka kurudi Kitale akalale na nyanya, na baba yake anasema tumwache tu, atazoea.

Mama, kuna jambo. Unakumbuka ile picha ya kifua niliyopigwa Nairobi kwa ajili ya viza, wakasema kuna kovu dogo la zamani? Basi tulipotua nilipewa karatasi kwamba niko chini ya ufuatiliaji wa afya, nijitokeze kliniki ndani ya siku thelathini. Nimeshaenda. Nesi anaitwa Pallavi, mpole, ananisemesha polepole kama mtoto wa nasari. Swali lake la kwanza: katika nyumba aliyoishi Shamsa, kuna mtu aliyewahi kuwa na kifua kikuu, au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili?

Nimemwambia nitakuuliza. Mimi nilikuwa kazini Eldoret siku tano za wiki, wewe ndiye uliyekaa na mtoto mwaka mzima. Fikiria vizuri. Na unitumie sauti, si maandishi. Wewe uliyekuwa unanitumia sauti ya dakika nane kunieleza nani kaolewa na alivaa nini, siku hizi unaandika tu kama karani.

Mwanao,
Sabiha

Kitale, Jumanne 21 Januari

Kwa binti yangu Sabiha,

Waleikum salaam. Mimi niko sawa kabisa, alhamdulillahi. Miguu ni ile ile. Sauti haiwezekani, simu iliingia maji nikiosha vyombo. Video pia usijaribu, kioo kimepasuka. Soma tu, si nilikupeleka shule ujue kusoma?

Hiyo habari ya kufuatiliwa sijaipenda hata kidogo. Hapa kwetu mtu akifuatiliwa tunajua anafuatiliwa na nani na anaishia wapi. Yule kijana wa Kiminini aliyerudishwa kutoka Uarabuni, si alianza hivyo hivyo, kuulizwa maswali na mtu mpole? Hao wapole ndio wabaya, bana. Aziz amehangaika miaka miwili kuwaita huko. Usije ukaharibu kwa mdomo wako.

Jibu ni hakuna. Andika hakuna. Nyumba hii haina mtu wa kifua na haijawahi kuwa naye. Msimu wa kupura mahindi Kitale nzima inakohoa, na huyo nesi wako angekuwa hapa angekohoa pia.

Mvalishe mtoto soksi mbili.

Mamako,
Khairunisa

Winnipeg, Jumapili 16 Februari

Mama,

Asalaam aleikum. Natumaini uko salama. Sisi si wazima.

Pallavi alimdunga Shamsa sindano ndogo ya kupima mkononi. Baada ya siku mbili pakavimba, duara gumu kama kifungo cha koti. Wakampiga picha ya kifua, wakaona tezi zimevimba karibu na pafu. Yale mafua hayakuwa mafua. Mtoto ana TB, Mama. Miaka mitatu.

Mimi siumwi, ila vijidudu vimelala ndani yangu, nimepewa dawa ya miezi minne visije vikaamka. Shamsa amepewa dawa nne, tunamsagia kwenye uji na nusu yake anaitema. Daktari ameniambia mtoto mdogo hivi haokoti TB njiani. Anaipata kwa mtu mzima anayekaa naye karibu. Wanamtaka huyo mtu, na wanataka kujua alitumia dawa gani. Kama aliziacha katikati, vijidudu huenda vimezizoea, na hizi tunazomlazimisha Shamsa hazitamfaa. Tutalijua hilo wakati ameshazidiwa.

Nilisema hakuna kwa sababu ulisema hakuna. Nakuuliza tena, na safari hii nakuomba.

Mwanao,
Sabiha

Kitale, Jumanne 18 Februari

Sabiha,

Nimesoma mara tatu. Tangu hapo uzi umekataa kuingia kwenye sindano.

Lakini fikiria na wewe. Mlipanda ndege na watu mia tatu, mkakaa humo siku nzima madirisha yamefungwa. Mtu yeyote angemkoholea mtoto. Kwa nini iwe kwetu? Mchemshie tangawizi na asali. Mwambie nyanya amesema ameze dawa zote, akimaliza atapata gauni la Idd. Nimeshalikata, la njano.

Usiniulize tena hayo maswali. Wateja wamejaa mlangoni.

Mamako

Winnipeg, Jumapili 2 Machi

Mama,

Ramadhani njema. Nakuombea afya, na leo nasema hivyo nikimaanisha.

Pallavi alinionya kwamba dawa yangu itageuza mkojo uwe rangi ya chungwa, nisishtuke. Hakuniambia habari ya machozi. Jumatano Shamsa alitapika dawa mara ya pili, nikakaa sakafuni jikoni nikalia, nikajipangusa kwa karatasi. Karatasi ikawa na rangi ya chungwa. Nikaiangalia mpaka nikasahau kulia.

Rangi hiyo naijua. Ilikuwa kwenye foronya yako mwaka jana, mwezi wa saba. Ilikuwa kwenye kola ya gauni lako jeupe la Ijumaa. Nilikuuliza, ukasema ni hina. Nikaamini, nikaviloweka mwenyewe kwenye beseni. Mama, hina inapakwa mikononi na kwenye nywele. Hina haitoki machoni.

Na kile kikombe cha bati cha buluu, ulichomkataza Shamsa asikiguse ukasema ati kina dawa ya presha. Presha huna. Ulikuwa unameza nini nacho, na ulimeza mpaka lini?

Sikugombezi. Nataka jina la dawa tu.

Sabiha

Winnipeg, Jumapili 9 Machi

Mama,

Umeisoma barua yangu. Tiki mbili za buluu tangu Jumapili iliyopita, na wewe kimya. Sijui kama u mzima au umelala huko peke yako huwezi kuinuka, na hilo nalo linaniua.

Shamsa amepungua. Jumatatu tarehe 17 daktari ataamua. Kama sina jibu, atalazwa, wampitishe mpira puani mpaka tumboni asubuhi tatu mfululizo kutafuta hivyo vijidudu. Wakivikosa, wamwanzishie dawa nyingine kali zaidi, za muda mrefu zaidi, kwa kubahatisha. Kwa kubahatisha, Mama, kwenye mwili wa kilo kumi na mbili.

Nitangoja mpaka Alhamisi. Usipojibu nampigia Fridah, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, aje akubishie hodi. Najua mtaa mzima utajua. Najua huenda usinisamehe. Nitampigia.

Sabiha

Bungoma, Alhamisi 13 Machi

Sabiha mwanangu,

Usimpigie Fridah. Nimekuja mwenyewe.

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo cha afya Bungoma. Mwaka jana mwezi wa sita nilikohoa damu juu ya shati jeupe la mtoto wa watu nililokuwa nikilishona. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikampelekea. Kesho yake nikaja huku kwa dada yangu Zuleikha, nikatumia jina lake na kitambulisho chake. Kitale nisingeweza. Nani angeniletea sare ya mtoto wake nikiitwa mama wa kifua? Uliona walivyomfanyia jirani yetu. Hata sahani alizolia chakula walizitupa.

Nikameza dawa miezi miwili na kidogo. Machozi, jasho, vyote vikawa rangi hiyo uliyoiona. Nikanenepa, kikohozi kikaisha. Ndipo ukaja na tarehe ya kupimwa Nairobi kwa ajili ya viza, na mtu akaniambia ati watu wa ubalozi huwa wanafika hadi nyumbani, wanafungua hadi kabati. Zilizobaki nikazitupa chooni. Nilijisikia mzima, Sabiha. Kikohozi kilirudi mwezi wa kumi na mbili, mkifunga masanduku. Simu haijaingia maji. Siwezi kufikisha sentensi mwisho bila kukohoa, na ungenisikia.

Sasa usikie lililo baya zaidi. Nilijua naweza kumwambukiza mtoto. Mimi si mjinga. Nilitenga kikombe, nikatenga sahani, kijiko, taulo. Kikombe nilitenga, kitanda sikutenga. Alilala juu ya mkono wangu mwaka mzima, uso wake shingoni mwangu, na mimi nikijiona mwangalifu kwa sababu ya kikombe. Leo daktari wa hapa, Wekoye, ndiye aliyeniambia kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye vyombo, unapita kwenye pumzi. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikatoka nje nikashika ukuta.

Kadi yangu ya dawa ilikataa kupatikana. Wamepekua jina la Zuleikha asubuhi nzima, kumbe aliyeniandikisha aliandika vile alivyosikia: Zureka. Nimeugua kwa jina la mtu mwingine, na hata jina lenyewe si lake. Picha ya kadi hii hapa chini, dawa zote zimeandikwa, na tarehe ya mwisho niliyochukua.

Wakiwarudisha kwa sababu yangu, niambie nijue nitaanzia wapi kuwaomba msamaha.

Mamako

Winnipeg, Ijumaa 14 Machi

Mama,

Jana nilikuchukia kwa saa nzima. Nakuandikia ujue, kwa sababu uongo umetutosha. Kisha nikakuwaza umeshika huo ukuta peke yako, na nikashindwa kuendelea.

Nilimpelekea Pallavi kadi. Nikamuuliza, mkijua ni mama yangu, mtaturudisha? Akaweka kalamu chini. Akasema karatasi yao haina kazi hiyo, na hakuna anayefukuzwa kwa kuumwa na kujitokeza. Wanatufuatilia ili tusipotelee njiani na dawa zetu. Ndiyo maana yake tu. Wewe ndiye hakuna aliyekufuatilia, Mama. Umewaza kwamba uliacha dawa njiani na hakuna hata mtu mmoja aliyejua akutafute?

Kadi imesaidia, haijatosha. Wanataka kujua kama vijidudu vyako vimezoea dawa, na hilo linajulikana kwa makohozi yako tu. Nenda hospitali Kitale leo, kwa jina lako. Tuna mpaka Jumatatu.

Sabiha

Kitale, Jumatatu 17 Machi

Sabiha,

Naandika asubuhi, kwenu bado hamjaamka. Ukifungua macho soma hapa kwanza: vijidudu vipo, lakini havijawa sugu. Dawa zile zile anazomeza Shamsa zinaviua. Picha ya majibu ni hiyo, mpelekee daktari kabla hajafungua mdomo. Wasimpitishe mpira mtoto wangu.

Ijumaa nilipanga foleni ya kifua, dirisha lile ambalo miaka yote nikipita nageuza uso. Nesi anaitwa Chepkosgei. Akauliza jina. Nikalitaja lote, la baba na la babu, hata akacheka kwamba nafasi haitoshi kwenye fomu. Nikapewa kikopo. Nilipogeuka nikakutana uso kwa uso na Fridah, ameleta mgonjwa wake. Akanisalimu, akaniuliza nimemleta nani.

Nikamwambia nimejileta mwenyewe.

Dawa nimeanza upya leo, miezi sita. Chepkosgei amenikataza kufunga mpaka nipate nguvu. Nilibishana naye, nikashindwa. Cherehani nimekisogeza dirishani na dirisha liko wazi.

Nipe habari za Shamsa. Zangu usiniulize kama hutaki.

Mamako

Winnipeg, Jumapili 11 Mei

Mama,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kunyamaza Idd nzima. Aziz alikuwa anakupa habari, najua, lakini si sawa na mimi. Kila nilipotaka kuandika hasira ilikuwa inatangulia. Siku zingine bado inatangulia, ila sasa nikishampa mtoto dawa na akaimeza, inapoa.

Hakulazwa. Dawa zinafanya kazi. Ameongeza kilo moja na nusu na amepata mdomo, jana amemwambia Pallavi kwamba sindano zake ni za watoto wasio na nyanya. Gauni lilifika. Limekuwa fupi, hukuacha pindo, na hataki kulivua hata kulala.

Wewe unameza? Usinijibu ndiyo tu. Nitumie picha ya kadi.

Mwanao,
Sabiha

Kitale, Jumapili 21 Septemba

Kwa mwanangu Sabiha,

Asalaam aleikum. Jana nimeambiwa nimepona. Makohozi safi, kadi imefungwa, na jina juu yake ni langu. Nimefurahi kuliko siku niliyokuoza, na usimwambie Aziz. Picha ya Shamsa mliyopiga kliniki siku ya dawa yake ya mwisho nimeibandika juu ya cherehani, wateja wakiuliza nawaambia alikuwa anaumwa nini na aliupata kwa nani. Wateja wawili waliondoka. Mmoja amerudi, wa pili anashonewa na fundi mwingine, na suruali zinampwaya.

Huyo Chepkosgei amenifuata miezi sita. Nikichelewa siku moja, simu. Mara moja sikuishika, nikamwona mlangoni na mwavuli, kalowa, ananiuliza kwani leo sijui saa. Nilimkasirikia. Nikamchemshia chai. Sasa nimejua kufuatiliwa ni nini.

Kile kikombe cha bati nimekirudisha kabatini pamoja na vingine. Jana Fridah alikinywea chai, akaomba aongezewe.

Maandishi yametosha. Mwite Shamsa akae, mpe simu aishike mwenyewe, na nyote mnyamaze mpaka mwisho.

Nyanya yake,
Khairunisa

Ujumbe wa sauti, dakika 8 na sekunde 11