Tangazo la Ukuta Wenye Ufa

Machimboni, Nyeri
9 Juni 1969

Kwako shemeji Watiri,

Natumai watoto wameanza kula. Huku ni ukungu tu tangu mazishi.

Leo meneja alinipa tangazo nipige chapa: ni marufuku kuchimba mawe chini ya ukuta wenye ufa. Akasema, "Karani, weka tarehe ya Mei." Nikamwambia ukuta ulimwangukia kaka Mutahi wiki jana, na sheria hiyo haikuwapo. Akacheka. "Ati wewe ni wakili wake?"

Shemeji, kwa tarehe hiyo watasema kaka alijiua kwa ukaidi. Niliogopa, nikaandika Mei. Halafu nikapiga nakala nyingine yenye tarehe ya leo; ndiyo hii. Mpelekee mkaguzi wa kazi. Akiuliza nani ameipiga, nitaje.

Shemeji yako,
Gatimu