Kompyuta ya Mama Sifa

Columbia Heights, Jumamosi, Novemba 2015

Theluji inashuka tangu asubuhi, nyepesi, ya kutania tu. Nimekaa mezani na kompyuta ya Mama Sifa.

Mama Sifa ndiye kiongozi wa kwaya yetu. Kompyuta yake imezeeka, betri imekufa, inaishi kwa waya. Wiki nzima ilikuwa ikimwomba aiwekee Windows mpya, basi Jumapili iliyopita akaniletea kanisani. "Papa Amani, weye ndiye fundi yetu," akasema mbele ya watu.

Mimi si fundi.

Ninafanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta, ndiyo, huko Oakdale. Ninapakia maboksi. Miaka miwili iliyopita mchungaji alinisimamisha akatangaza kwamba ninatengeneza kompyuta. Watu wakapiga makofi, nami nikanyamaza. Jaketi yenye jina la kampuni ikamalizia uongo.

Ndani ya kompyuta hii mna nyimbo kumi na nane za kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi, Tanzania. Hazipo kwingine. Waimbaji wametawanyika, wengine Australia, wengine Texas, wengine tuliwazika kule kule. Katika wimbo wa tatu mama yangu anakohoa kabla ya ubeti wa pili. Sina sauti yake nyingine.

Maelekezo yanasema, kabla ya kuanza, nakili kila kitu pembeni. Nikachomeka flashi, nikaanza kunakili. Nilipoinuka kuchukua chai, mguu ukavuta waya. Kioo kikawa cheusi.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilibonyeza, nikaomba, nikabonyeza tena. Ilipowaka, nyimbo zilikuwepo zote; nikafungua wa tatu, mama akakohoa pale pale pake. Nililia, jamani, mtu mzima mimi.

Sikuendelea. Nilimpigia Mama Sifa simu nikamwambia yote: maboksi, makofi, waya. Nikamwahidi kwamba Jumatatu nitawaomba mafundi wa kweli kazini wanisaidie, ingawa hata majina yao siyajui.

Akaniuliza:

"Papa Amani, ile mafoto ya mariage ya Papa Byamungu, ulisema ni virus ilikula. Ni virus kweli?"

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Yangu imefika miaka miwili, nikajiona mjanja.

Haikuwa virusi, nikakiri. Mwaka jana, nikiitengeneza kompyuta yake, nilibonyeza "ndiyo" bila kuelewa nilichoulizwa, na harusi yake yote ikafutika. Papa Byamungu alinishukuru kwa kujitahidi. Mkewe akanifungia na samaki wa kwenda nao nyumbani, nikawala.

Kesho ni Jumapili. Papa Byamungu hukaa benchi la mbele yangu, na kila mara hugeuka kunipa mkono kabla ibada haijaanza.

Nimwambie kabla ya kuushika, au baada?