Petroli ya Gari la Mikate

Machakos mjini,
Jumatatu, baada ya alasiri.

Kwa Kaka Ramzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Garissa na biashara inakwenda. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imemwamshia Mama maumivu ya magoti. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu unanikatia kabla sijamaliza, na nimechoka kukatiwa.

Ni habari ya gari la mikate. Tangu Habibu aanze kuliendesha kupeleka mikate ya Mama huko Kithimani na Ekalakala, unasema petroli inaisha haraka mno, kwa hivyo dereva anaifyonza na kuiuza. Baba hayupo, wewe ndiye walii wangu, bila idhini yako hakuna nikahi, na kwa sababu ya petroli hiyo umemkataa. Wazee wake wamekuja kuposa wakarudi na aibu yao. Kaka, nimeudhika sana.

Leo nimelipeleka gari mwenyewe kwa fundi Mwendwa, ingawa ulikataza mtu kugusa injini. Nilimwomba aweke ile sensa ya joto uliyotutumia, ukidai ya zamani imekufa kwa kuwa mshale wa joto haupandi. Akacheka. "Madam, hii ya zamani iko sawa kabisa. Maji ndio haipati moto."

Akanieleza kwamba sensa ni kidude kama bolti, ncha yake imezama kwenye maji ya injini. Maji yakiwa baridi, kinaubana umeme. Yakipata moto, kinauachia upite. Kompyuta ya gari husoma umeme huo tu. Ikiambiwa baridi, humimina petroli zaidi, kama Mama anavyoongeza kuni asubuhi. Ikiambiwa moto, hupunguza na kuwasha feni. Sasa gari letu halina themostati, kile kilango cha kuzuia maji mpaka yapate moto, na feni imeungwa moja kwa moja, inazunguka tangu ufunguo ugeuzwe. Kwa baridi hii yetu maji yatapata moto saa ngapi? Sensa inasema ukweli kutwa, na petroli inamiminwa kutwa.

Nikauliza ni mjinga gani aliyeng'oa kilango hicho. Mwendwa akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Ni wewe, Kaka. Gari lilipokuchemkia njia ya Garissa, ulimwamuru aking'oe na aiunge feni moja kwa moja, na Habibu ndiye aliyekushikia boneti. Baadaye Habibu alirudi hapo peke yake, akaelezwa yote niliyoelezwa mimi. Alikupigia kuomba ruhusa ya kulitengeneza, ukamfokea. Basi akamsihi Mwendwa asimwambie mtu, kwamba walii haaibishwi na anayeposa. Akakubali kuitwa mwizi. Nimemkasirikia hata yeye, nimempigia simu nikamwambia heshima ya namna hiyo ni upuuzi, kisha nikalia pale pale gereji.

Kilango kipya kimewekwa, na feni imerudishwa kwenye kompyuta. Mama hajaambiwa kitu. Habibu ameomba asiambiwe. Mimi sikuahidi.

Ijumaa wazee wake watakuja tena, kwa mara ya mwisho. Alhamisi gari litafika Garissa kukuchukua. Dereva unamjua. Mtakuwa wawili tu njia nzima, na la kumwambia unalijua.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako, bado nina hasira,
Rehana