Dawa ya Foto Nayo Inakufaka

Mujukuu wangu Kyungu,

Jambo yako. Huku Kamina tuko, Mungu anatulinda. Bibi yangu, kambo yako mwanamuke, magoti inamuuma, lakini ku kanisa anaendaka. Tangu tulizika baba yako, nyumba inanyamaza sana.

Unauliza kama ile dawa yangu ya zamani inaweza kusafisha filme yenye ulikuta mu kamera ya baba yako. Hapana, mwanangu. Unga mu pakiti ya kufungwa inakaa miaka. Ukiisha kuichanganya na maji, chupa ikibakia nusu, hewa inaikula. Kisha miezi kidogo inakuwa rangi ya chai, inakufa. Nunua mpya.

Nilionaka vile wakati nilikuwa kijana, fotografe karibu na gare, stasio ya train. Train ilikawia, dawa mpya haikufika. Mama moja mufiwa akaleta filme ya bwana yake, mutumishi wa chemin de fer, njia ya train.

"Mama, dawa imechoka. Ngoja train."

"Kilio imeisha, kesho narudia kwetu Luena na batoto mu kamio. Jaribu tu. Hatuna foto yake ingine."

Nilijaribu. Ku foto kulionekana shati nyeupe tu mu giza. Uso hapana.

Akapitisha kidole ku kola. "Hii kola nilishona miye mwenyewe. Njo yeye, ni bwana yangu."

Akafunga foto mu kikwembe, kitambaa yake ya kujifunga, akaenda. Nilibakia mu chumba ya giza, nikalilia muntu mwenye sikumujua.

Weye ukilia kule peke yako, ujue na huku tunalia.

Kambo yako