Ukiulizwa, Usinyamae

Mdogo wangu Mwanatumu,

Salamu nyingi kutoka Maskati. U hali gani, na mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku halina adabu. Barua hii nimempa Bi Zena wa Msambweni anayerudi likizoni, akukabidhi mkononi, maana simu ya mama husikilizwa na nyumba nzima.

Nimesikia. Baba mdogo Bakari anataka kukuoza kwa Salimu, yule yule mwenye duka Kona ya Musa aliyeniacha mimi. Nilipoambiwa nilicheka, kicheko kibaya.

Ulikuwa mdogo, hujui ilivyokuwa. Siku ya ndoa yangu mashahidi walikuja mlangoni kuniuliza kama nimekubali. Niliogopa, nikalia tu. Baba mdogo akawaambia, "Mwanamwali akinyamaa amekubali." Fatiha ikasomwa, pilau ikaliwa, na Salimu akamwezekea baba mdogo nyumba kwa mabati mapya. Mimi nikapata makofi, kisha talaka ya kutumiwa kwa simu. Tangu hapo kinyongo changu nakitunza kama achari ya ndimu, kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokolea.

Huku nako nilikuwa vile vile. Mama mwenye nyumba ninayemfanyia kazi alikuwa akinipeleka kwa dada yake nikafue siku yangu ya mapumziko, nami kimya, akaona nimeridhika. Ijumaa iliyopita nikamwambia, "La." Neno letu ni lao pia, hakuhitaji mkalimani. Nikangoja kufukuzwa. Akanitazama, akachukua ufunguo wa gari, akaenda peke yake. Ndipo hasira ziliponipanda zaidi. Kumbe woga wangu ndio uliokuwa ukiwafanyia kazi watu wote hawa.

Basi nisikilize. Usitoroke kwenda Kikoneni kwa bibi, watasema una mwanamume. Usilie, machozi nayo huhesabiwa kukubali. Waache wapike, wageni wakae, Salimu avae kanzu yake. Mashahidi wakija mlangoni sema, "Sitaki," kwa sauti ya kufika barazani. Sikuambii usiogope. Nakuambia useme huku unaogopa. Kwako hayo ni maisha yako, kwangu mimi ni kisasi, na sioni haya kukiita hivyo. Nataka baba mdogo akose pa kuweka uso mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe. Akitaka kulaani, mwambie anilaani mimi, niko mbali na nimeshazoea.

Mbusu mama mikono, umwambie simlaumu, mjane hana sauti mbele ya shemeji anayemlisha. Bibi wa Kikoneni mpe shikamoo yangu. Msalimie na mwalimu wako wa madrasa, umweleze mapema, kwani ndiye atakayetumwa mlangoni. Ni mcha Mungu yule, hatasema hakusikia.

Baba mdogo usimpe salamu zangu. Atazisikia siku hiyo, kwa mdomo wako.

Dada yako wa tumbo moja,
Mishi